Tuzipime sabufa kwa mizani moja

Katika darasa la semantiki huwa nawakumbusha wanafunzi wangu kuwa kuna vitenzi ambavyo havikamiliki vikiachwa peke yake. Mtu akisema "nimelala", tumemwelewa. Akisema "nimelinganisha", tunabaki tukimkodolea macho: amelinganisha nini na nini, na kwa kigezo gani? Kitenzi hicho kinadai vitu viwili na mizani moja, na pasipo mizani hiyo sentensi ina pengo hata kama sarufi yake haina dosari. Nimelifundisha jambo hili kwa miaka mingi kwa mifano ya vitabuni, hadi nilipokutana nalo ana kwa ana, katika umbo la masanduku mawili meusi ya besi.

Shule moja ya upili ambamo mwanangu anasoma ilikuwa imechangisha fedha ili kukinunulia chama cha muziki sabufa, yaani kile kipaza sauti kinachoshughulikia sauti nzito tu. Mwalimu wa muziki, akijua kwamba mimi hufundisha fonetiki na kwamba sikosi maikrofoni na kipakatalishi, aliniomba niisaidie kamati kuchagua. Wauzaji wawili walikuwa wameleta bei zao. Wa kwanza aliandika kwenye karatasi yake "wati 1000". Wa pili aliandika "wati 300", na bei yake ilizidi kidogo ile ya mwenzake. Mweka hazina wa kamati, mzazi mwenzangu na mtu mwangalifu sana wa shilingi za watu, aliona kesi imekwisha kabla ya kuanza.

"Daktari, hapa pana swali gani?" aliniuliza. "Elfu moja na mia tatu, tena kwa bei nafuu. Hata mtoto wa chekechea anajua kubwa ni ipi."

Swali nililomrudishia lilikuwa fupi: wati elfu moja za nini? Wati ni kipimo cha nguvu za umeme ambazo amplifaya huweza kuzisukuma kwenda kwenye spika. Si kipimo cha sauti inayotoka. Isitoshe, karatasi ya muuzaji wa kwanza ilikuwa na herufi nne ndogo pembeni, PMPO, ambazo wasomaji wengi watakuwa wameziona kwenye redio za kaseti na spika za bei ndogo. Herufi hizo hudai kutaja kilele cha nguvu kinachofikiwa kwa muda mfupi mno, na hakuna kanuni inayokubaliwa kimataifa ya kuamua kilele hicho kipimwe vipi. Mtengenezaji hujipimia, hujisahihishia na hujipa alama. Nchini Marekani tatizo la wati za kubuni lilikuwa kubwa kiasi cha kuifanya serikali, mnamo 1974, itoe kanuni ya kuwalazimisha watangazaji wa amplifaya za nyumbani kueleza masharti ya kipimo chao. Huku kwetu mnunuzi aghalabu hujitetea mwenyewe.

Lakini hebu tuseme wati zile 1000 zilikuwa za kweli, na zile 300 pia. Sikio halihesabu kama mweka hazina. Nguvu ikizidishwa mara kumi, sauti hupanda desibeli 10, nasi huihisi kana kwamba imeongezeka maradufu tu. Kutoka wati 300 hadi 1000 ni desibeli 5 hivi. Sanduku lililoundwa vizuri, lenye kugeuza umeme kuwa sauti kwa ufanisi zaidi, laweza kuifuta tofauti hiyo na kubakiwa na akiba.

Nikiri sasa kosa langu, kwa maana sikuanza vizuri. Tuliwaruhusu wauzaji waje chumba cha muziki siku ya Ijumaa, kila mmoja na sanduku lake. Wa kwanza aliliweka lake kwenye pembe ya chumba. Wa pili, kwa kuwa alichelewa, aliliweka lake chini ya dirisha mahali palipobaki. Kila mmoja alipiga wimbo aliouchagua mwenyewe na kukizungusha kitufe cha sauti hadi pale alipopenda. Tulisikiliza, tukatikisa vichwa kwa hekima, tukapiga kura. Sanduku la pembeni lilishinda bila mpinzani, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa.

Ndipo mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, msichana aliyekuwa amesimama mlangoni na kinanda chake mkononi, aliposema: "Daktari, samahani. Je, tukilihamishia hili lingine kwenye pembe, nalo halitavuma vivyo hivyo?"

Tulilihamisha. Likavuma vivyo hivyo. Lile la kwanza, lilipopelekwa chini ya dirisha, likanywea kama mtu aliyevuliwa joho. Nilijiona mdogo sana, kwa sababu jambo hili nalijua na nimelieleza darasani. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Mlio wa hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa mita 8.6 hivi, wa hezi 20 hufikia mita 17. Mawimbi ya aina hiyo hayaenei chumbani kama mwanga wa tochi. Huzipiga kuta na kurudi, na mahali pengine yakajumlishana, pengine yakafutana. Kila ukuta ulio karibu na sabufa huweza kuiongezea hadi desibeli 6, hivi kwamba pembe ni mtaji wa bure. Katika chumba chenye urefu wa mita 5, sauti ya hezi 34 hivi hulundikana kwenye kuta mbili zinazotazamana na kukaribia kutoweka katikati. Mweka hazina aliyeketi katikati ya chumba na mimi niliyeegemea ukuta wa nyuma tulikuwa tumesikia sabufa mbili tofauti kutoka katika sanduku moja.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke kidogo njiani, maana sehemu ya mkanganyiko wetu ni ya lugha. Wanafunzi wengi husema "sauti ya juu" wakimaanisha mambo mawili: sauti inayosikika kwa nguvu, na sauti nyembamba kama ya filimbi. Fonetiki haiwezi kwenda hatua mbili bila kuyatenganisha. Sauti huwa kubwa au ndogo kwa kadiri ya nguvu ya mtetemo. Huwa nzito au nyembamba kwa kadiri ya wingi wa mitetemo katika sekunde. Wapiga ngoma wa pwani hawakungoja wanafonetiki wawaeleze haya. Walikuwa na chapuo, ngoma ndogo yenye sauti nyembamba, na walikuwa na vumi, ambayo jina lake lenyewe ni kitenzi cha kuvuma. Waingereza nao waliliita spika la sauti nzito kwa mlio wa mbwa anayebweka, na neno hilo ndilo lililofika kwetu likiwa limeshika mkia wa "sabufa". Kwangu mimi vumi lingetosha kabisa, ila sina matumaini kwamba wauzaji watanisikiliza.

Basi muuzaji anaposema sabufa yake "ina nguvu", amesema nini? Nguvu katika masafa gani? Sikio la binadamu halitoi haki sawa kwa sauti zote. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walilionyesha jambo hili mwaka 1933, na vipimo vya baadaye vimelithibitisha kwa usahihi zaidi. Mlio wa hezi 1000 husikika ukiwa na desibeli chache tu juu ya sifuri, ilhali ule wa hezi 20 hauna budi kuzidi desibeli 70 ndipo usikike hata kidogo. Ukishavuka kizingiti hicho, hukua upesi: huko chini ongezeko dogo la desibeli huhisiwa kama ongezeko kubwa. Ndiyo maana kitufe kikizungushwa kidogo tu, sabufa moja huonekana "tamu" kuliko nyingine, nasi husifu ubora wa kitu ambacho kimepigwa kwa nguvu zaidi tu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Vipima sauti vingi, na hata programu za simu, huwa vimewekwa kwenye kipimo kiitwacho A, ambacho kimekusudiwa kuiga udhaifu huo wa sikio. Katika hezi 50 kipimo cha A hupunguza desibeli 30. Anayepima sabufa kwa kipimo hicho ni kama anayepima urefu wa mti kwa kamba iliyokatwa. Jirani wa baa, ambaye madirisha yake hutetema usiku kucha, akiitoa simu yake na kuona nambari ndogo isiyotisha, asidhani kichwa chake ndicho kibovu.

Jumamosi iliyofuata tulitoka nje. Wazo hilo si langu. Mwaka 2006 chama cha kampuni za vifaa vya elektroniki nchini Marekani kilitoa utaratibu wa kupima sabufa ujulikanao kama CEA-2010, na kiini chake ni rahisi kiasi kwamba shule yoyote yenye uwanja wa kandanda yaweza kuufuata kwa kiwango chake. Sanduku huwekwa chini mahali pa wazi, mbali na kuta. Maikrofoni nayo hulazwa chini, kwa umbali uliopimwa. Hupigwa mlio mmoja mmoja, mfupi sana, wa mizunguko 6.5 tu, kuanzia hezi 20 na kupanda kwa hatua. Kila mlio huongezwa nguvu hadi pale sauti inapoanza kuchafuka kupita kiwango kilichowekwa, na nambari ya hapo ndiyo inayoandikwa. Kwa nini uwanjani badala ya chumba maalumu kisicho na mwangwi? Kwa sababu kabari za kufyonza mlio wa hezi 20 zingehitaji kina cha mita 4 na zaidi ukutani. Hata maabara tajiri hushindwa hapo, ilhali uwanja wa shule ni wa bure.

Tulianza asubuhi kabla ya upepo, kwa kuwa upepo ukiipiga maikrofoni hutoa mngurumo katika masafa yale yale tunayoyatafuta. Wanafunzi walipiga alama ya chokaa kwenye nyasi, na kila sanduku lilikaa juu ya alama hiyo hiyo kwa zamu. Maikrofoni ilikuwa mita 2 mbele. Milio niliitengeneza kwa Praat, programu ya bure iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam kwa ajili ya kuchunguza matamshi, nayo ndiyo niliyoitumia kuyasoma matokeo.

Mwalimu wa fizikia alinipinga papo hapo, na alikuwa na haki. Maikrofoni yangu, alisema, haijasawazishwa na kifaa chochote rasmi, na pengine haisikii vizuri chini ya hezi 50. Ni kweli. Nisingethubutu kuyatangaza matokeo yangu kama desibeli halisi. Lakini sisi hatukutaka kujua sanduku lina desibeli ngapi mbele ya ulimwengu. Tulitaka kujua lipi linamzidi mwenzake, na kwa kiasi gani. Kasoro ya maikrofoni katika hezi 40 huyapata masanduku yote mawili kwa kadiri ile ile, hivyo ukitoa nambari moja katika nyingine kasoro hujifuta. Sharti ni kwamba maikrofoni isiguswe, na ile hila ya vinasa sauti ya kujipandishia na kujishushia sauti izimwe. Mwalimu alitafakari, akacheka, akakubali. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi.

Tazama pia nambari zinavyoweza kudanganya bila ya mtu yeyote kusema uongo. Muuzaji mmoja akiupima mlio kwa kilele chake, kwa umbali wa mita 1, na mwingine akaupima mlio ule ule kwa wastani wake wa kinguvu, kwa umbali wa mita 2, nambari zao zitatofautiana kwa desibeli 9: 6 za umbali na 3 za kilele. Sanduku ni lile lile. Mnunuzi asiyesoma maandishi madogo atadhani amepata sabufa yenye nguvu mara nane. Vivyo hivyo kwa ahadi ya kuwa sabufa "hushuka hadi hezi 20". Spika yoyote itatikisika ukiipa umeme wa hezi 20. Swali ni kwa desibeli ngapi, kwa sababu kuishusha sauti kutoka hezi 40 hadi 20 bila kuipunguzia nguvu kunahitaji kusukuma hewa mara nne zaidi. Sanduku dogo lisilo na tundu la kupitisha hewa hiyo halitafanya muujiza.

Na kuchafuka kwa sauti je? Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Sabufa inapozidiwa huanza kutoa sauti ambazo hazikutiwa ndani yake. Umeipa hezi 40. Yenyewe inakurudishia 40, kisha 80, kisha 120. Katika picha ya sauti, ile tunayoitumia kuchunguza irabu, mistari hiyo huonekana kama ngazi. Ajabu yake ni kwamba sikio, kwa kuwa huisikia hezi 120 vizuri zaidi kuliko 40, huipokea sauti hiyo iliyochafuka kama sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo sabufa mbovu, ikisikilizwa kwa pupa, hushinda. Sanduku la wati 1000 lilifanya hivyo hasa: katika hezi 63 lilitangulia kidogo, lakini katika 40 ngazi zilijitokeza mapema, nalo lile la wati 300 likaendelea kupanda likiwa safi.

Je, hezi 40 zina faida gani kwa watoto wa shule? Zina faida, kwa kuwa uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ambalo ndilo linaloubeba muziki wa benga na rumba, hulia kwa hezi 41 hivi. Kinyume chake, hatukuwa na haja ya kulipia zile hezi 20 za matangazo. Uzito wa chini kabisa wa piano ni 27.5, na chama chetu hakina piano.

Najua watakaosema: haya yote ya nini, na masikio tunayo? Nami nasema masikio ndiyo yenye neno la mwisho, mradi tusiyatie macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walitoa utafiti wa wasikilizaji waliopima spika zile zile mara mbili, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa zimefichwa. Walipoziona, ukubwa, bei na jina la kampuni viliingia katika alama walizozitoa. Baada ya uwanjani, basi, tuliyarudisha masanduku ukumbini, tukayaweka mahali pamoja kwa zamu nyuma ya pazia la jukwaa, tukayasawazisha kwa maikrofoni yawe na nguvu sawa, tukapiga wimbo mmoja. Msichana wa kinanda ndiye aliyeendesha zamu, na hakumwambia mtu lipi ni lipi. Kura ziligawanyika kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo lilinipendeza: tofauti ya haki mara nyingi huwa ndogo kuliko tofauti ya dukani.

Siku hiyo ndipo mwalimu mkuu alipotuambia kuwa yeye alitumaini sabufa ingewasaidia wanafunzi wa nyuma kumsikia mhubiri na mgeni wa heshima. Ilinibidi nimkatize kwa adabu. Sauti ya mwanamume hutetema kwa hezi 120 hivi, ya mwanamke hukaribia 200 au kuzidi, na kinachotofautisha "saa" na "faa" kiko katika maelfu ya hezi. Simu za mezani zilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu, na watu walitongozana, wakakemeana na wakafanya biashara kwazo bila taabu. Asiyesikia hotuba ukumbini anahitaji spika za kawaida zilizoelekezwa vizuri na mwangwi uliopunguzwa kwa mapazia. Sabufa itamwongezea mngurumo tu, na mngurumo huyafunika maneno.

Kamati imekubali kwamba kuanzia sasa karatasi ya bei isiyoeleza masafa, umbali, mahali pa kupimia na kiwango cha uchafu wa sauti itarudishwa kwa mwenyewe. Napendekeza shule nyingine zifanye hivyo, na walimu wa fizikia na wa muziki waazimane wanafunzi kwa asubuhi moja. Tuliwaandikia wauzaji wetu wote wawili tukidai maelezo hayo. Yule wa wati 300 alijibu siku ya pili, akaomba tumwonyeshe ile programu. Yule wa wati 1000 alijibu pia: ameshusha bei.

Mweka hazina bado anaifikiria.